Kujificha nako ni kazi: miezi ya kwanza ya homoni Kampala

Sauti huwahi kuliko karatasi. Mwanamume trans, yaani mtu aliyezaliwa akihesabiwa msichana ila anajijua kuwa mwanamume, akianza kuchomwa sindano za testosteroni, homoni ya kiume, sauti huanza kukwaruza na kushuka ndani ya miezi michache, na mara nyingi mwaka hauishi kabla haijakaa mahali pake. Kitambulisho chake cha taifa hakijui lolote. Laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho hicho hicho, na pesa zilizomo kwenye laini hutoka na jina la zamani. Kwa hiyo anayetaka kuona maisha ya mtu huyu yanabana wapi asianzie kliniki. Asimame karibu na wakala wa pesa za simu pale Wandegeya jioni, watu wakitoka kazini.

Kijana anataka kutoa elfu hamsini. Anataja namba, wakala anabonyeza, jina linatokea. Wakala anainua macho.

"Ssebo, hapa naona Nakato."

"Ni pacha wangu. Yuko kazini, amenituma."

"Kumbe! Basi wewe ndiye Wasswa."

"Ndiye mimi."

Wakala anacheka, anahesabu noti, anamwita anayefuata. Jina nimelibadilisha. Lakini wenye maisha haya wakisimuliana visa vya namna hii hucheka mpaka machozi, kwa sababu kila mmoja ana pacha wake.

Swali langu ni dogo: jibu lile, "ni pacha wangu", tuliweke wapi? Mnasihi aliyesomea vitabu vya ng'ambo huenda akaliweka kwenye fungu la kuepa, na katika vitabu hivyo kuepa ni dalili mbaya. Mimi naliita ujuzi. Na kama huduma ya kisaikolojia kwa watu wazima wanaoanza homoni Uganda itapima afya ya mtu kwa kiasi anachojitokeza hadharani, itawaumiza wale wale inaotaka kuwasaidia.

Mwaka 1984 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, waligawa namna watu wanavyohimili shida katika mafungu mawili: kuna kuishughulikia shida yenyewe, na kuna kuzishughulikia hisia zinazotokana nayo. Mgawanyo huo umeenea hadi vyuo vyetu. Kinachosahaulika ni sehemu ya pili ya hoja yao, kwamba hakuna fungu lililo zuri au baya peke yake. Shida inayoweza kubadilishwa ikabiliwe. Isiyoweza kubadilishwa itafutiwe namna ya kuishi nayo mtu asivunjike. Kosa ni kupigana na ukuta, au kukaa ukilia mbele ya mlango ulio wazi.

Baadaye watafiti wakaanza kuhesabu. Utafiti wa Stephanie Budge na wenzake, uliochapishwa 2013, uliwauliza watu trans wa Marekani kuhusu sonona, wasiwasi, msaada wanaoupata kwa watu wa karibu na namna wanavyohimili mambo. Karibu nusu yao walikuwa na dalili za sonona. Kuepa kuliambatana na hali mbaya zaidi, msaada wa watu wa karibu ukaambatana na nafuu. Matokeo hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na namna yanavyosafirishwa. Mahali ambapo kumwambia jirani kunaleta aibu tu, kutomwambia kunaweza kuwa woga. Mahali ambapo jirani anaweza kukufikisha polisi, kutomwambia ni hesabu.

Na hesabu hiyo ina tarakimu zake. Sheria Dhidi ya Ushoga ambayo Rais Museveni aliitia saini Mei 2023 inaadhibu tendo la ngono la jinsia moja kwa kifungo cha maisha, na kwa baadhi ya mazingira adhabu ni kifo. Kukuza ushoga kunaweza kumgharimu mtu miaka 20. Bunge lilipoupitisha mswada mara ya kwanza, Machi 2023, ulikuwemo mstari wa kumtia hatiani mtu kwa kujitambulisha tu kuwa trans. Mstari huo ulitolewa mswada uliporudishwa na Rais, na toleo lililopita Mei halimwadhibu mtu kwa alivyo. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria isimame, ila ikafuta vifungu vichache, kikiwemo kile kilichomlazimu kila mtu kutoa taarifa kwa polisi na kile kilichowabana wenye nyumba wanaopangisha. Kwa mnasihi, kufutwa kwa wajibu wa kutoa taarifa ni jambo kubwa sana. Maana yake mtu anaweza kukaa mbele yake akasema yote, na hakuna sheria inayomtaka apige simu mtu huyo akishatoka.

Hivyo kutumia homoni si kosa la jinai kwa jina lake. Lakini mwenye nyumba wa Bwaise hasomi vifungu, wala kondakta wa taksi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la ngazi ya mtaa, ndiye unayemwendea akuandikie barua ya utambulisho, na ndiye pia anayeweza kuja mlangoni na vijana wake. Julai 2005 mwenyekiti wa namna hiyo aliingia nyumbani kwa Victor Mukasa, mwanaharakati trans, akachukua nyaraka zake. Mukasa hakuwepo, mgeni wake alikamatwa na kudhalilishwa. Mukasa na mgeni huyo, Yvonne Oyo, walikwenda Mahakama Kuu na Desemba 2008 wakashinda. Ushindi ule unatajwa mpaka leo, na unastahili. Hata hivyo kutoka mlango kuvunjiwa heshima mpaka hukumu ni zaidi ya miaka mitatu, na sindano ya testosteroni haisubiri miaka mitatu. Uso unabadilika wiki kwa wiki, kwenye mtaa ule ule, mbele ya mwenyekiti yule yule.

Hapa ndipo homoni zinapotofautiana na kila kitu kilichotangulia. Kabla ya kuzianza, siri ilikuwa ya mwenyewe, akiamua kuisema au kuinyamaza. Baada ya kuzianza, mwili unaanza kusema bila kumuuliza. Mwanamke trans aliyeishi miaka ishirini akivaa suruali ofisini na kufahamika kama kaka mkimya, mwezi wa nne anaona chuchu zinauma akigongana na watu kwenye mlango wa benki. Na mlangoni hapo pana askari na kifaa cha kukagulia, wanaume wakipita huku, wanawake kule. Apite wapi? Mwezi wa kwanza jibu lilikuwa rahisi. Mwezi wa nane litakuwa gumu. Anahitaji kuwa amelifikiria mwezi wa tatu.

Kwa hiyo kazi ya kisaikolojia ya mwanzo, kwa maoni yangu, ni ya kalenda kabla ya kuwa ya hisia. Mtu ajue kipi kinakuja lini, kipi kinarudi nyuma na kipi hakirudi. Testosteroni kwa kawaida husimamisha hedhi ndani ya miezi sita hivi, na sauti iliyoshuka haipandi tena hata dawa ikiachwa. Estrojeni, homoni ya kike, huanza kuotesha matiti kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na ukuaji wake huchukua miaka miwili hadi mitatu. Haipandishi sauti. Haing'oi ndevu zilizokwisha kuota. Nimeona watu wakiingia kwenye huzuni nzito mwezi wa tano, na ukichunguza unakuta hakuna aliyewaambia jambo hilo la sauti. Walikuwa wanasubiri kitu ambacho kidonge hakikuahidi. Huzuni ya namna hiyo ingezuiwa na nusu saa ya maelezo, bila haja ya mtaalamu wa akili.

Turudi kwenye kuepa, maana sitaki nieleweke kuwa natetea kila aina ya kukwepa. Kuna kujificha kwa nje na kuna kujificha mtu na nafsi yake, na kwenye dodoso hivi viwili vinaweza kufanana. "Ni pacha wangu" ni kwa nje. Aliyesema anajua vizuri yeye ni nani, na akifika kwa wenzake atakisimulia kisa chote. Anayenunua pombe kali ya waragi kila Ijumaa ili asilione tumbo lake kwenye kioo, huyo anajikimbia mwenyewe. Anayeacha kwenda kupima damu kwa sababu mpimaji atasoma jina kwa sauti kubwa yuko katikati: sababu yake ni ya nje kabisa, lakini madhara yanaingia ndani ya mishipa. Testosteroni ikizidi huongeza wingi wa chembe nyekundu za damu, na ndiyo maana miongozo inataka kipimo kila miezi mitatu mwaka wa kwanza. Anayetumia spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, anatakiwa kuangaliwa kiwango cha potasiamu. Vipimo hivi vikirukwa hakuna dalili ya haraka, na kwa hiyo vinarukika kirahisi.

Halafu kuna kujitibu. Dukani, vidonge vya uzazi wa mpango ni rahisi na hakuna anayeuliza, hasa ukisema ni vya mke. Wanawake trans wengine huvimeza viwili, vitatu kwa siku. Estrojeni iliyomo katika vidonge vingi vya aina hiyo, ethinili estradioli, ina hatari kubwa zaidi ya kugandisha damu kuliko estradioli inayoandikwa na daktari, na kwa anayevuta sigara hatari hupanda tena. Wanaume trans nao huongeza dozi wakidhani ndevu zitawahi. Haziwahi, kwa kuwa sehemu ya testosteroni iliyozidi hugeuzwa na mwili kuwa estrojeni. Ukimuuliza mwenye kufanya haya kwa nini, atakupa jibu la mtu anayekabili shida yake, wala si la anayeikimbia: kliniki iko mbali, daktari amehama, pesa hazitoshi, na mwili wangu hausubiri. Kwa mgawanyo wa Lazarus na Folkman huyu yuko kwenye fungu "zuri". Ndiyo maana mafungu peke yake hayatoshi. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama njia anayoitumia itamfikisha mwaka ujao akiwa mzima.

Homoni zenyewe zinatuliza moyo kiasi gani? Hapa pana ushahidi, na unafaa kusomwa bila ushabiki. Jaribio lililofanyika Melbourne, Australia, na kuchapishwa 2023, liliwagawa kwa kura watu wazima 64 waliotaka testosteroni: nusu waanze mara moja, nusu wasubiri miezi mitatu kama kawaida ya foleni ya huko. Baada ya miezi hiyo mitatu walioanza walikuwa na nafuu kubwa ya dhiki ya kijinsia na sonona, na mawazo ya kujiua yaliwaondoka zaidi ya nusu ya waliokuwa nayo, wakati kwa waliosubiri yaliondoka kwa asilimia 5 tu. Ni jaribio dogo na kila mmoja alijua amepewa nini. Lakini linaonyesha kwamba kusubiri nako kuna madhara yake. Mapitio ya tafiti 20 yaliyotolewa 2021 na Kellan Baker na wenzake yalielekea huko huko, ingawa waandishi wenyewe walikiri kwamba uzito wa ushahidi ni mdogo kwa sababu tafiti nyingi ni ndogo na hazina kundi la kulinganisha.

Kilichonivutia zaidi ni utafiti wa Uingereza uliowafuatilia watu 178 kwa miezi 18. Sonona ilipungua. Wasiwasi haukupungua kwa kiasi cha kutajika. Wengine huona kama kasoro ya dawa. Mimi naona mantiki. Sonona ya namna hii, kwa sehemu kubwa, inatokana na mtu na mwili wake, na dawa inaugusa mwili. Wasiwasi unatokana na mtu na mtaa wake, na hakuna kidonge kinachomezwa na mtaa. Ikiwa Uingereza, penye polisi wa kumlinda angalau kwenye karatasi, wasiwasi unabaki pale pale, Kampala mtu asiahidiwe kwamba hofu itaisha kwa sindano. Anayeahidiwa hivyo, hofu ikipanda mwezi wa sita kwa sababu mabadiliko yameanza kuonekana, atajilaumu. Atasema, hata dawa imenishindwa. Wakati kilichotokea ni kwamba dawa imefanya kazi yake na barabara imeona.

Sehemu ya wasiwasi huo inastahili heshima. Wasiwasi humwambia mtu asipite njia ile usiku, ashuke kwenye boda mita kadhaa kabla ya nyumba, asiweke picha mtandaoni. Kumfundisha aondokane nao ni kumwondolea mlinzi. Kazi ni kuupa mipaka, ufanye kazi barabarani na ulale mtu akiwa ndani na mlango umefungwa. Hapo ndipo gharama ya kujificha inapoonekana, na sitaki kuipunguza. Ilan Meyer, aliyeandika mwaka 2003 kuhusu msongo unaowapata watu wa makundi yanayonyanyapaliwa, alihesabu kuficha kama mzigo wenyewe: kuchunga maneno, kukumbuka nani ameambiwa nini, kujisikiliza unavyozungumza. Kinachochosha ni kutokuwa na pa kuutua. Kwa hiyo swali "umeshajitangaza?" lifutwe kabisa kwenye mazungumzo ya kliniki zetu, na mahali pake liulizwe: wiki iliyopita ulikuwa wapi bila kujichunga, na kwa saa ngapi? Anayejibu "hakuna" ndiye wa kuhofia, hata kama anatabasamu.

Lipo tatizo jingine ambalo kliniki huwa hazipendi kulitazama. Mtu anayemhoji mgonjwa kuhusu moyo wake mara nyingi ndiye anayeamua kama atapewa dawa. Weka mtu yeyote katika kiti hicho, ataficha nini? Ataficha huzuni, ataficha pombe, ataficha kwamba wiki jana alisita. Atasimulia hadithi iliyonyooka: nilijua tangu utotoni, sijawahi kuwa na shaka, sina tatizo lolote zaidi ya hili. Hadithi hiyo huzunguka kwenye vikundi vya simu, wakubwa wakiwafundisha wadogo sentensi kwa sentensi, na siwalaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba miezi ya kwanza, ambayo ndiyo yenye mawimbi mengi, inapita bila mtu yeyote kliniki kujua ukweli. Sindano ikitolewa kila wiki mbili au tatu, testosteroni hupanda siku za mwanzo na kushuka siku za mwisho, na wengine huwa wepesi wa hasira au wanyonge zile siku chache kabla ya sindano inayofuata. Tiba yake ni rahisi: dozi ndogo kwa vipindi vifupi. Ila lazima aseme, na hatasema kama anaogopa kuambiwa hajawa tayari.

Miongozo ya kimataifa imekwisha kusogea. Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, iliyoanza kutumika Januari 2022, liliitoa hali hii ya jinsia kutolingana na mwili kwenye sura ya matatizo ya akili na kuipeleka kwenye sura ya afya ya kingono. Toleo la nane la viwango vya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu trans, la Septemba 2022, linasema wazi kwamba tiba ya mazungumzo isiwe sharti la kuanzishiwa homoni, ingawa inaweza kumfaa mtu. Nchini, Juni 2023, muda mfupi baada ya sheria kutiwa saini, Wizara ya Afya ilitoa waraka ukiwataka watoa huduma wasimbague wala kumnyima mtu yeyote huduma. Maneno mazuri. Yamefika kwa nesi wa mapokezi? Hapo ndipo ninapokuwa mgumu kuamini.

Uganda ina hazina yake katika jambo hili, na inashangaza kwamba haitajwi. Mwaka 2002, kwenye vijiji vya Masaka na Rakai, Paul Bolton na wenzake walijaribu kutibu sonona kwa vikundi. Waliowaongoza walikuwa wenyeji wasio madaktari, waliofundishwa kwa wiki mbili. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16. Mwishoni, kwenye vijiji vilivyopata vikundi, waliobaki na sonona kubwa walikuwa asilimia 6.5, kwenye vijiji vilivyosubiri, asilimia 54.7. Watu wazima wa vijijini, wengi wao wakiwa wamezika ndugu kwa Ukimwi, walikaa kwenye majamvi wakazungumza na wakapona, na dunia ya saikolojia ikaja kujifunza kwao.

Njia ile hutazama mambo machache yanayozua huzuni: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, na mabadiliko ya nafasi ya mtu katika maisha. La tatu hutumika kwa anayeolewa, anayefukuzwa kazi, anayegundua ana virusi. Linamtosha pia anayetoka kuwa binti wa familia na kuingia kuwa kaka. Anahitaji kuomboleza alichoacha, hata kama alikiacha kwa furaha; anahitaji kujifunza kazi za nafasi mpya; anahitaji watu wa kumtambua ndani yake. Buganda msichana ana ssenga, shangazi yake, wa kumfundisha. Mwanamke trans wa miaka thelathini hana, na darasa lile analipata kwa mwenzake aliyetangulia mwaka mmoja, jikoni, wakimenya matooke. Mwenzake huyo ndiye kiongozi wa kikundi wa Masaka, ila hajapewa zile wiki mbili za mafunzo.

Nikiri ugumu mmoja wa kuliiga jaribio lile: vikundi vyake vilikuwa vya wanaume peke yao na vya wanawake peke yao. Kijijini, aliye katikati ya safari angekaa wapi? Hawezi kupachikwa tu kwenye kikundi kilichopo. Vinahitajika vikundi vya watu wao wenyewe, vidogo, visivyo na bango. Katika jamii ya wakuchu wa Kampala, kama mashoga, wasagaji na watu trans wanavyojiita, mikusanyiko ya namna hiyo ipo tayari, mingine ya Kiganda, mingine ya Kiswahili kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo wanaoishi Katwe na Nsambya au wanaokuja kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Hawa wa Kongo wana hofu juu ya hofu, maana mkimbizi akihamishwa nyumba hana kwa mjomba pa kukimbilia. Kwa wengi wao Kiswahili ndiyo lugha pekee wanayoweza kulia nayo mbele ya mgeni. Na wapo wanasihi wasiokijua.

Na dini? Nitasema machache, kwa kuwa wengi wameandika juu ya dini kama adui tu. Nawajua Waislamu trans waliohama safu za msikitini na kuanza kuswali nyumbani kwa sababu hawakujua wasimame upande gani, na swala hiyo ya chumbani ndiyo inayowaamsha asubuhi. Wapo walokole wanaoimba nyimbo zile zile huku wameweka kanisa pembeni. Mnasihi asiyeamini asiwavue kitu hicho kwa jina la kuwakomboa.

Lililobaki ni la kukatika kwa dawa, nalo linapaswa kuzungumzwa siku ya kwanza. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, fedha zilizoguswa moja kwa moja zilikuwa za Ukimwi, si za homoni. Lakini kituo kilichokuwa kikimpokea mwanamke trans bila kumkodolea macho kilikuwa kile kile cha Ukimwi. Kilipofunga au kupunguza wafanyakazi, akampoteza nesi, mpimaji na kiti cha kukaa kwa wakati mmoja. Dawa zenyewe kwa kawaida mtu hujinunulia, na shilingi zikikosekana au duka likiishiwa, mwezi unaruka.

Mwili unarudi nusu. Kwa mwanamume trans anayebeba zege kwenye jengo la ghorofa Ntinda, anayefahamika na mafundi wenzake wote kuwa mwanamume, hedhi inaweza kurudi miezi michache baada ya sindano ya mwisho, katikati ya zamu, kwenye eneo lenye choo kimoja cha mabati kisicho na komeo. Pigo hilo humrudisha kwenye jambo aliloamini limekwisha, na huja mahali ambapo hawezi hata kukunja uso. Hakuna dodoso la kuhimili litakalomsaidia saa hiyo. Kinachomsaidia ni alichopangiwa siku anaanza: kwamba kukatika kwa dawa kunaweza kutokea na si kosa lake, kwamba kuna namna za kusimamisha hedhi zisizo testosteroni ambazo kliniki ya kawaida ya uzazi wa mpango inazo, kwamba ana vitu viwili vitatu kwenye mfuko wa begi wa ndani, na kwamba kuna namba ya mtu mmoja wa kumpigia jioni ile kabla hajaenda kununua chochote kwa mtu asiyemjua.